Lifti Tu, Afande

Kila aliyewahi kupanda juu ya magunia kutoka Mwimbi kwenda Sumbawanga miaka ile alilijua jibu, na alilijua kuliko Baba Yetu. Gari likikaribia kizuizi cha polisi, dereva alisimama kwenye mikaratusi, akatoa kichwa dirishani na kuuliza, "Jamani, mmepandaje?" Na juu kule wazee kwa vijana, akina mama wenye watoto mgongoni na katekista wa kigango, wote waliitikia kwa pamoja, "Lifti tu, afande!" Kisha wakacheka. Mbele kidogo waliulizwa kwelikweli, wakajibu vilevile, maana kumbeba abiria wa nauli kwenye gari la mizigo kulikuwa kosa, na dereva aliyeshikwa alilala ndani. Sasa mtu afanye nini? Basi lilipita mara mbili kwa wiki, likiamka vizuri. Biashara ya mahindi ilikuwa imeshafunguliwa, ushirika umelala usingizi wa pono, na kila mwenye uwezo mjini alikuwa amenunua lori la kuzunguka vijiji vya Ufipa kukomba mahindi. Hayo malori ndiyo yaliyokuwa mabasi yetu, na uongo ule ndio uliokuwa tiketi.

Siku ya ajali, mwaka wa tisini na mbili, Bertila alilipa nauli yake na ya mumewe Teodori kwa mkono wake mwenyewe. Alimlipa Alfonsi, dereva, ambaye alikuwa mdogo wa Teodori tumbo moja. Watu juu ya magunia waliwatania hadi basi. "Loh! Shemeji anamtoza shemeji! Nyie mtazikana kwa risiti!" Alfonsi naye alicheka, akasema gari si lake, ni la tajiri, na akianza kubeba ndugu bure, basi Mwimbi nzima ni ndugu zake.

Tajiri mwenyewe aliitwa Isdori, mwenye duka karibu na soko. Nauli za juu ya magunia alizijua vizuri sana, maana kila gari liliporudi alizipokea dukani, mkono kwa mkono, bila hata kipande cha karatasi. Breki mbovu alizijua pia. Mara tatu Alfonsi alimwambia breki zinashika na kuachia, na mara tatu alijibiwa mahindi yaingie kwanza, mvua isije ikayakuta shambani, fundi ataitwa baadaye.

Breki ziliachia kwenye mteremko wa daraja la pili. Alfonsi alijitahidi, hilo hakuna aliyemkatalia. Alilielekeza gari kwenye tuta ili lisiingie mtoni, likapanda tuta, likalala ubavu, na magunia yakawamwaga watu kama mtu anayekung'uta ungo. Hakufa mtu. Wengine walivunjika mikono, katekista aling'oka meno. Lakini Teodori aliangukia upande wa bodi, na bodi ikamlalia mguu wa kulia kuanzia gotini kwenda chini. Ilichukua wanaume kumi na miti miwili kumtoa. Bertila alisikia sauti ya mumewe siku ile, na nakwambia ni sauti ambayo mke hapaswi kuisikia.

Kesho yake, hospitalini, akaja askari na karatasi zake kuandika maelezo. Teodori alikuwa hajitambui. Bertila alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, damu ya mumewe imekauka kwenye kanga yake. Alfonsi alisimama miguuni pa kitanda, kichwa kimefungwa bendeji, macho yamemtoka. Kabla askari hajaufikia mlango alikuwa amenong'ona maneno machache tu: "Shemeji, nakuomba. Nina watoto. Utanimaliza."

"Mama, mlipandaje kwenye gari hili?" askari akauliza.

Bertila akamtazama shemeji yake. Huyu ndiye aliyewatolea mahari iliyopungua. Huyu ndiye aliyelala nje ya wodi siku Bertila alipomzaa mtoto wao Kalista. Na tena, jibu lenyewe lilikuwa limeshakaa mdomoni kwa miaka.

"Lifti tu, afande," akasema. "Hatukulipa kitu."

Akaweka sahihi. Wodi nzima, kitanda kwa kitanda, wote walijibu hivyohivyo na kuweka sahihi zao au vidole gumba. Hakuna aliyewafundisha siku ile. Walishafundishika.

*

Mguu haukupona. Walitoa plasta, wakarudisha plasta, wakatoa tena. Pakatokea tundu juu ya kifundo, likatoa usaha, likaziba, likafumuka jipya. Ikapita miezi minane. Teodori, mtu aliyekuwa akilima na maksai tangu alfajiri hadi jua la utosi na kuimba juu yake, sasa alikuwa amelala nyumbani kwenye kitanda cha kamba, amekonda, ananuka. Ndiyo, ananuka, tuseme ukweli. Wageni walikuja kumpa pole na kuketi karibu na mlango.

Daktari alimwita Bertila pembeni. Mfupa umeoza ndani, akasema. Anahitaji kupasuliwa Mbeya, hapa hatuna vifaa wala mtaalamu. Asipopasuliwa kabla ya masika, sumu itapanda, na hapo hata kukata mguu hakutasaidia.

"Atakufa?" Bertila akauliza.

"Mpeleke Mbeya, mama," daktari akajibu.

Mpeleke Mbeya! Kwa fedha gani? Mbuzi walikuwa wameshakwisha, na maharage ya mbegu yameshauzwa. Bertila alikwenda dukani kwa Isdori, akasimama mbele ya meza asubuhi nzima wateja wakipita kulia na kushoto. Mwishowe tajiri akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba amesikitika sana, kwamba alishapeleka gunia la mahindi la pole, na kwamba mtu aliyepanda gari la watu kwa lifti hana la kudai. Siku ile Bertila alitembea hadi njia panda bila kuona njia. Mfa maji haachi kutapatapa, na yeye alikuwa ameshaanza kunywa maji.

Ndipo watu wakamwelekeza kwa Kasmir. Kasmir alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyewaandikia watu madai yao kwenye kibaraza cha nyumba yake. Alimsikiliza Bertila hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mlilipa?"

"Tulilipa, mzee."

"Na polisi mliwaambiaje?"

"Lifti tu," Bertila akasema. Mzee akavua miwani, akafumba macho.

"Binti yangu, mmejikata wenyewe," akasema. "Sikiliza. Abiria aliyelipa, sheria inamshika mkono. Mwenye gari anawajibika, na bima ya gari inalipa. Mtu wa lifti, bima inasema haimjui, na tajiri anasema hakumwita. Mlikuwa na haki mkononi, mkaitupa kwa sahihi zenu."

"Tulikuwa tunamwokoa shemeji."

"Najua. Kila wiki naandika barua za watu waliokuwa wanamwokoa mtu." Akavaa miwani. "Kuna njia moja. Aliyepokea nauli aseme mbele ya hakimu kwamba aliipokea. Tutawashitaki wote wawili, dereva mdaiwa wa kwanza na mwenye gari mdaiwa wa pili. Usishtuke, ndivyo inavyoandikwa, huwezi kumfikia tajiri bila kupitia kwa dereva wake. Mwenye kulipa atakuwa tajiri na bima yake. Lakini Alfonsi asiposema, tusipoteze karatasi."

*

Nyumbani hakukukalika. Mama Gaudiosa, mama mzazi wa Teodori na Alfonsi, aliishi ua uleule na wanawe wote wawili. Aliposikia habari ya kesi alikuja kusimama mlangoni kwa Bertila, mikono kiunoni.

"Mama Kalista, nimesikia maneno. Niambie si kweli."

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako! Mwanangu mmoja analia kitandani. Huyu wa pili, ndiye anayetuletea chumvi, unataka kumpeleka jela kwa mdomo wake mwenyewe? Nibaki na nani? Nibaki na wewe?"

"Teodori anakufa, mama."

"Ukimfunga Alfonsi usiniite mama tena."

Na Teodori naye, kutoka ndani, kwa sauti yake iliyobaki nusu: "Berti, mwache. Mimi nimeshalala. Mwache mwenzangu asimame."

Hapo Bertila alipandwa na hasira ambazo hakujua anazo. Aliingia ndani, akamsimamia mumewe kichwani. "Nani kakwambia umeshalala? Nani kakupa ruhusa? Mimi ndiye ninayekuosha, mimi ndiye ninayekugeuza, basi mimi ndiye nitakayesema nani amelala katika nyumba hii!" Akalia papo hapo, na Teodori akamgusa kiganja, na mama mkwe akaondoka mlangoni.

Alfonsi alikuwa akikwepa. Tangu ajali alikuwa hajaingia chumba kile zaidi ya mara mbili. Alipita uani asubuhi na mapema kwenda kwenye gari, maana Isdori alikuwa amemrudisha kazini, na si kwa mapenzi, hapana, ni kumfunga mdomo. Jumapili moja baada ya misa Bertila alimngoja kwenye kibanda cha maksai. Hakumwomba wala hakumkumbusha nauli. Alimpa beseni la maji ya chumvi na vitambaa vilivyochemshwa.

"Leo umfunge kidonda kakako wewe."

"Shemeji, mimi sijui..."

"Hata mimi nilikuwa sijui."

Aliingia. Bertila alibaki nje, akisikiliza. Alisikia kitambaa kikibanduliwa, akamsikia Teodori akiuma meno, akamsikia Alfonsi akisema "pole, kaka, pole, kaka," mara nyingi, mpaka neno likapoteza maana. Alipotoka alikwenda nyuma ya kihenge, akatapika. Akarudi akifuta mdomo kwa mkono wa shati, macho mekundu.

"Nitasema," akasema. "Nitasema vyote. Nauli, breki, na kwamba tajiri alijua. Wakinifunga wanifunge. Mama nitaongea naye mimi."

Na aliongea naye. Alimweleza kwamba bima ya tajiri ndiyo itakayolipa, kwamba kaka atapelekwa Mbeya, kwamba yeye huenda akatozwa faini tu, au miezi michache. Bibi yule alilia siku mbili. Siku ya tatu alimpelekea Bertila bakuli la ugali wa ulezi na dagaa, akaliweka kizingitini, akasema, "Kula, mama Kalista, umekuwa mwembamba." Bertila alikula huku machozi yakidondokea bakulini.

*

Kesi ilisikilizwa kwa vipande. Leo hakimu yuko safarini, kesho faili halionekani, keshokutwa wakili wa tajiri amepata udhuru. Mvua za kwanza zikanyesha. Teodori alianza homa za jioni. Kila Bertila aliporudi kutoka mjini alimkuta anatetemeka chini ya blanketi mbili, na bado alimuuliza, "Vipi, wamesemaje?" na yeye akajibu, "Wanasema vizuri."

Siku yake ya kutoa ushahidi, wakili wa Isdori, mtu kutoka Mbeya mwenye suti ya kijivu na sauti tamu, alimwonyesha karatasi ya polisi.

"Hii ni sahihi yako, mama?"

"Ni yangu."

"Ulimwambia polisi hukulipa. Leo unaiambia mahakama ulilipa. Sasa tusaidie: ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Watu wakacheka. Bertila akawageukia.

"Nilidanganya siku ile," akasema. "Ninyi mnaocheka humo ndani, nani hajadanganya pale kizuizini? Asimame!"

Hakusimama mtu, na hakimu akaamuru utulivu.

Kisha Alfonsi akapanda kizimbani. Aliapa kwa Biblia, akasema kila kitu kama alivyoahidi. Alisema nauli alizipokea yeye. Alisema breki zilikuwa mbovu na alimwambia tajiri mara tatu. Alisema nauli alimkabidhi tajiri kila safari. Bertila alimsikiliza akiwa ameshika ukingo wa benchi, moyo unapanda na kupanda, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alimwona Teodori akilima.

Wakili akasimama polepole.

"Bwana Alfonsi, hizo nauli ulizomkabidhi mwajiri wako, risiti iko wapi?"

"Hatukuandikiana."

"Shahidi yupo?"

"Tulikuwa wawili tu."

"Mlangoni mwa gari lile, kwa rangi nyeupe, pameandikwa nini?"

"Abiria hawaruhusiwi."

"Na siku uliyoajiriwa ulitia sahihi karatasi hii. Isome mstari wa nne, tafadhali."

Akasoma. Alisoma kama mtoto wa darasa la pili, neno moja moja: dereva hataruhusiwa kubeba abiria kwa malipo. Isdori alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, akitazama dari.

"Ahsante," wakili akasema. "Nimemaliza."

*

Hukumu ilisomwa siku ya mvua. Mama Gaudiosa naye alikuja, amevaa kitenge cha Pasaka, lakini chumba kilijaa, akabaki nje barazani na wanawake wengine wa ukoo. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, muda mrefu, bila kuinua macho. Kasmir alisikiliza, na Bertila alimsoma Kasmir usoni. Kwanza mzee alitikisa kichwa kukubali. Akatikisa tena. Kisha akaacha kutikisa kichwa, akavua miwani.

Karani akasimama kutafsiri. Mahakama imeridhika kwamba mdai alikuwa abiria aliyelipa nauli. Imeridhika kwamba breki zilikuwa mbovu, na kwamba dereva aliendesha huku akijua. Kwa hiyo mdai ameshinda, naye atalipwa fidia yote aliyoiomba, pamoja na gharama za kesi.

Chumba kikanguruma. Mtu mmoja wa karibu na mlango hakusubiri, akachomoka nje akipiga kelele, "Wameshinda! Wameshinda!" Na kutoka barazani vikalipuka vigelegele, na sauti ya Gaudiosa ikazipita zote.

Karani aliendelea kusoma katikati ya kelele. Fidia hiyo italipwa na mdaiwa wa kwanza. Madai dhidi ya mdaiwa wa pili yametupwa, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba alijua, na mdaiwa wa kwanza alibeba abiria kinyume cha amri ya mwajiri wake, kwa faida yake mwenyewe, hivyo bima nayo haihusiki.

Bertila hakuhitaji kuelezwa. Miezi mitano alikuwa akisikia jina likiitwa pale mlangoni: mdaiwa wa kwanza, Alfonsi. Mdaiwa wa pili ndiye Isdori, ambaye sasa alikuwa anapeana mkono na wakili wake.

"Tutakata rufaa," Kasmir akasema.

"Inachukua muda gani?"

"Mwaka. Pengine miwili."

"Mvua imeshaanza, mzee."

Kasmir akaifuta miwani kwa shati, akaifuta tena. "Hukumu ni hukumu," akasema kwa sauti ndogo. "Unaweza kuomba mali ya mdaiwa ikamatwe iuzwe. Ana nini?"

Ana nini! Alikuwa na nyumba ya matofali mabichi katika ua wa mama yake, na maksai wawili, walewale waliolima shamba la Bertila mwaka huu kwa sababu mwenye shamba hawezi kusimama. Hata vyote vikiuzwa, fedha yake isingemfikisha Teodori kwenye kisu cha daktari, na watoto wa pande zote mbili wangelala nje. Kule nyuma ya chumba askari wa usalama barabarani alikuwa amemshika Alfonsi mkono, si kwa nguvu, akimweleza kwamba ataandika maelezo mapya, kwa kuwa amekiri. Alfonsi alikuwa akimtazama shemeji yake kwa mbali. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomvunja Bertila kabisa.

Alitoka nje. Wanawake walimrukia, wakamkumbatia, mtu akamfunga kanga kiunoni ili acheze. Mvua ilikuwa inanyesha na hawakuijali. Gaudiosa alikuwa katikati yao, mikono juu, miguu ya miaka sabini inakanyaga tope.

"Mama Kalista, mwanangu!" akapaza sauti. "Nilikulaani na Mungu hakunisikiliza! Nani alisema sheria si ya maskini? Sema, huyo Isdori analipa lini? Teodori tumpeleke kesho? Nimeshamwambia mwenye basi atuwekee nafasi."

Bertila akafungua mdomo. Uongo anaujua, mdomo wake umeuzoea, na angeweza kusema keshokutwa, angeweza kusema wiki ijayo, na bibi huyu angelala usingizi usiku mmoja. Hakuupata.

"Isdori halipi, mama."

"Halipi? Si mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Sasa analipa nani?"

"Alfonsi."

Vigelegele vya wengine vilikuwa bado vinaendelea. Gaudiosa alikuwa bado ameinua mikono, anatabasamu, anasubiri maneno yaliyobaki.

"Alfonsi yupi?" akauliza.

"Wako, mama," Bertila akasema. "Alfonsi wako."